Kipimo cha Mzee

Mama Rubani alijua kuna jambo pale binti yake alipoingia bila kupiga hodi, akavua viatu vya kazi mlangoni na kuviacha vimelala ubavu. Huyu hakuwa mtoto wa kutupa viatu. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa mvua mabegani, na ile mistari ya urubani imenywea kama utepe wa zawadi uliokanyagwa. Mama alikuwa kwenye cherehani anatia zipu sketi ya mteja. Akaondoa mguu kwenye pedali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mchana mchana? Si ulisema zamu yako inaisha keshokutwa?"

"Nimerudishwa."

Kwa fundi wa kushona, kinachorudishwa ni nguo iliyokosewa. Mama akashuka kwenye kiti.

Mtaani walimwita Mama Rubani, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Zamani alikuwa Mama Cherehani tu, mwanamke wa darasa la saba anayepinda suruali za watu. Kisha mtoto akasoma, akasoma tena, akaenda chuo cha urubani, akarudi na kofia. Hata muuza vocha wa kibandani akawa anasimama mama akipita. Mtoto mwenyewe hakuwa na makuu. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kumwinamia ndipo uisikie. Wageni walimsifia sana: "Huyu umemlea, mama. Hajui kujibizana na mkubwa." Na mama akiisikia sifa hiyo kifua kinamjaa, maana aliifanyia kazi. Mkubwa akisema, mdogo ananyamaza. Mkubwa akikosea, mdogo anatazama chini. Nyumba yake iliendeshwa hivyo, na nani angefikiria kwamba adabu ya sebuleni inaweza kupanda ndege?

Akammiminia chai, akamkalisha mezani kati ya mikasi na vipande vya vitambaa. "Sema."

"Ilikuwa Ijumaa."

"Ijumaa! Leo Jumatatu, na jana umenipigia ukaniambia umeshinda salama."

"Nilikuwa sijui nianzie wapi, mama." Binti aliizungusha bilauri bila kunywa. "Tulikuwa tunakwenda kutua. Mvua kubwa, wingu limekaa chini, nje huoni hata ncha ya bawa. Hali ikiwa hivyo unashuka kwa kufuata vipimo tu, ngazi kwa ngazi, mpaka kimo cha mwisho. Hapo kama huoni taa za uwanja, unapanda, unaondoka. Kipimo cha kimo kiko kama saa ya ukutani, kinakwambia uko futi ngapi juu. Mzee ana cha kwake kushoto, mimi nina cha kwangu kulia."

Mzee alikuwa kapteni wake. Kampuni nzima ilimwita hivyo, na mama mwenyewe alimwombea dua kila alipomkumbuka. Wakati kampuni inasitasita kumwajiri binti kwa sababu ya upole wake, Mzee ndiye aliyesema, "Nipeni mimi, huyu ana adabu, nitamfundisha."

"Kipimo chenyewe hakioni ardhi," binti akaendelea. "Kinapima uzito wa hewa. Hali ya hewa ikichafuka, hewa inakuwa nyepesi, nacho kinadanganyika, kinasema mko juu kumbe mko chini. Ndiyo maana watu wa mnarani wanatutajia namba ya hewa ya wakati ule, tunaiweka kwenye kipimo ili kiseme kweli. Walitutajia. Mimi nikaiweka. Mzee alikuwa anahangaika na upepo, hakuiweka. Nikamkumbusha."

"Ulimkumbusha kwa sauti gani?"

Binti aliisogeza mikasi kando. "Basi vipimo vikatofautiana. Cha kwake kinasema tuko juu, changu kinasema tuko chini zaidi, futi kama mia tatu hivi. Nikamwambia, 'Samahani, Mzee, naona kama havifanani.' Akakitupia jicho cha kwangu, akasema, 'Hicho chako, binti yangu. Kirekebishe.'"

"Ukafanyaje?"

"Nikakigeuza kifanane na cha kwake."

Mama akatikisa kichwa kukubali. Ndiyo, akatikisa kabisa, maana masikioni mwake hilo lilikuwa jibu la mtoto aliyelelewa. Alikuwa amekwisha kumeza funda la chai ndipo akili ilipomfika.

"Ngoja kwanza. Cha kwako ndicho kilikuwa sawa?"

"Ndicho."

"Na ulijua?"

"Nilijua, mama. Alipoongea, nikawa sijui tena."

Mama aliweka kikombe chini taratibu, kama kina moto.

"Kuna mtambo mwingine unaoitazama ardhi yenyewe," binti alisema. "Huo ndio uliotuokoa. Ulianza kupiga kelele: vuta juu, vuta juu! Mzee akavuta. Wakati tunapanda wingu likapasuka kidogo upande wangu, nikaona kilima. Nikaona mabati ya nyumba za watu. Mama, niliona nguo zimesahaulika kwenye kamba zinanyeshewa. Niliona hata shati la shule."

Hakulia. Mama angependa alie, angejua la kufanya. Yeye na Mzee, wote wawili walikuwa wamesimamishwa kuruka. Jumapili walimwingiza binti kwenye ndege ya uongo, kile chumba cha mazoezi kinachotikisika kama ndege ya kweli, mwalimu akakaa kiti cha kapteni na kukosea makusudi vilevile, aone atafanyaje.

"Nikasema samahani tena," binti alisema. "Tukaanguka. Mwalimu akaniambia, 'Wewe kila kitu unakijua. Shida yako unakijulia moyoni.' Wamenipa nafasi moja tu, Alhamisi. Nikishindwa, narudisha sare."

Mama alikesha na maneno hayo hadi asubuhi. Kazi ingepotea, sawa, kazi zinapotea. Lakini alichokiona kila alipofumba macho ni lile shati la shule kwenye kamba. Jumanne kabla ya chai akatoa uamuzi.

"Hao walimu unawaogopa kidogo tu. Unayemwogopa hasa ni mimi. Basi njoo ukosane na mimi."

"Mama, siyo mchezo wa kuigiza."

"Nani kasema mchezo? Nionyeshe kapteni anakaa wapi."

Wakavuta kochi la watu wawili likatazama ukuta. Mama akakaa kushoto. Saa ya ukutani ikatolewa betri ikawekwa mbele yake juu ya stuli, na saa ya jikoni ikawekwa mbele ya binti. Mikono ya injini ilikuwa miiko miwili iliyochomekwa kati ya mito ya kochi. Ukiisukuma mbele, ndege inaongeza nguvu na kupanda. Binti alikuwa akisogeza mishale ya saa zote mbili kwa kidole, ya mama kwa uongo, ya kwake kwa kweli.

Hawajaruka hata mara moja wifi mtu akaingia. Huyu alikuwa shangazi wa binti, dada wa marehemu baba yake, mama mnene mwenye kucheka kabla ya kuambiwa kichekesho.

"Makubwa! Wifi, umeajiriwa lini? Mimi nakaa daraja la kwanza au la walalahoi?"

"Kaa nyuma hapo, ufunge mkanda, ufunge na mdomo."

"Mkanda wa kunizunguka mimi mnao? Na chakula kinapita saa ngapi?"

"Shangazi, tafadhali," binti alisema, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu arudi.

Wakaanza kushuka. Binti akasoma namba ya hewa. Mama akajifanya hajasikia, na wala hakuhitaji kujifanya sana, maana namba yenyewe hakuielewa. Mishale ikaanza kuachana.

"Samahani, mama, naona vipimo—"

"Kapteni."

"Samahani, Kapteni, naona vipimo havifanani."

Hapo mama akamgeukia, akamtazama kwa lile jicho lake la miaka yote, jicho la kumtuliza mtoto mbele ya wageni. "Chako kibovu. Kirekebishe."

Mkono wa binti ukaenda. Mama aliuona ukienda, polepole, kidole kimenyooka kuelekea saa ya jikoni. Ulikwenda wenyewe kama mkono wa mtu aliyelala.

"Unafanya nini?" mama aliuliza.

Binti akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. "Sijui."

"Usiguse saa. Niambie nimekosea."

"Umekosea."

"Sikusikii."

"Kapteni, labda tungepanda kwanza, halafu—"

"Nyamaza! Nani kamzaa mwenzake humu ndani?"

Binti akanyamaza. Alinyamaza kweli, macho chini, mikono mapajani, vile vile alivyonyamaza akiwa na miaka sita. Baada ya kitambo akanyoosha kidole, akausogeza mshale wake mpaka chini kabisa.

"Tumefika ardhini," alisema. "Tumekufa, mama. Na shangazi."

Shangazi alikuwa amefungua kinywa acheke. Akakifumba.

Siku hiyo waliruka tena na tena, na kila mara walianguka. Mama alipika, akaosha vyombo, akashona, na kichwani hesabu moja tu haikukaa sawa: huyu mtoto wakubwa wote wa mtaa walimtolea mfano. Wazazi walikuja kumuuliza mama anatumia dawa gani. Alipokuwa mdogo aliwahi kumwona shangazi akiweka chumvi kwenye chai badala ya sukari, na hakusema, akakaa akamtazama akinywa, kwa sababu mkubwa ndiye aliyekoroga. Walikicheka kisa kile miaka. Nyie wazazi mnaosoma hapa, mnacho kisa cha namna hiyo nyumbani kwenu, na mnakicheka pia.

Jumatano mama alibadilisha mtindo. Hakumfundisha tena. Alimchokoza.

"Rubani gani wewe, sauti kama ya kuku mwenye kideri? Rudisha sare nikuchanie matambara ya kupangusia cherehani."

"Mama, tunashuka."

"Najua kushuka. Nilishuka kabla hujazaliwa."

"Kapteni, namba ya hewa hujaiweka. Kipimo chako kinadanganya."

"Hee! Kinadanganya! Wifi, unamsikia? Mtoto ananiita mwongo kwangu."

"Namsikia," shangazi alijibu kutoka nyuma, bila mzaha.

"Kapteni, tuko chini ya kimo. Panda."

"Sipandi."

"Panda!"

"Sipandi, na chako kibovu, kirekebishe, na mdomo wako—"

"Chini mno! Naichukua ndege! Toa mkono!"

Binti aliupiga mkono wa mama ukatoka kwenye mwiko, akaisukuma miiko yote miwili mbele kwa nguvu hata mmoja ukavunjika. Sauti ilikuwa ya kujaza chumba. Mama hakuwahi kuisikia. Ilifanana na ya mtu wa mbali, baba yake labda, akiamrisha ng'ombe.

Kidole cha mama kilikuwa kinavuja damu kidogo penye kucha.

"Umempiga mama yako," shangazi alisema. "Wewe mtoto, umemfokea na kumpiga mama yako!"

Na ukweli usemwe: hasira ilimpanda mama. Haikuwa ya kuigiza. Kiganja kilishaanza kukunjuka kwa ajili ya kofi, mazoea ni kitu kibaya. Binti alilijua kofi lile, alishafumba jicho moja kulingoja, lakini mikono yake haikutoka kwenye miiko.

Mama akakikalia kiganja chake.

"Tena," alisema. "Kuanzia juu. Wifi, lete mwiko mwingine jikoni."

Alhamisi mchana simu iliita. "Nimepita, mama." Shangazi alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani kuuliza nani anaolewa. Mama alikaa chini, akafunika uso na ile sketi ya mteja, akaiharibu kwa machozi.

Alidhani yamekwisha.

Ijumaa, binti akiwa ofisini kwa kampuni, mtu alibisha hodi kwa ustaarabu. Alikuwa Mzee. Bila sare alionekana mdogo, mtu mzima mwenye sweta na miwani inayoteleza puani. Alivua viatu. Alikaa kwenye kochi lile lile, upande wa kushoto. Alimpa mama pole, akauliza afya, akasifu ushonaji. Shangazi akaletewa mfuko wa machungwa.

"Mama," alisema mwishowe, "mtoto wetu amepita mtihani, nimefurahi kama wa kwangu. Kilichobaki ni Jumatatu, wachunguzi. Watatuuliza kila mmoja peke yake. Nimeona tuwe na neno moja."

"Neno gani, Mzee?"

"Kwamba redio ilikuwa inakwaruza kwa ajili ya radi. Namba ya hewa hatukuisikia vizuri. Wote wawili. Haumii mtu. Mimi nimebakiza muda mfupi nistaafu, na yeye ndio kwanza anaanza. Unadhani watamfikiriaje rubani aliyeweka namba sahihi, kisha akaitoa kwa mkono wake? Watamwandama maisha. Namwonea huruma kuliko ninavyojionea mwenyewe."

Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomsumbua mama baadaye. Alipotaja Ijumaa ile alishindwa kumalizia sentensi, akavua miwani akaifuta kwa sweta.

"Sasa mimi nifanyeje, Mzee?"

"Zungumza naye tu. Wewe ukisema, atasikia. Nani asiyejua ulivyomlea? Halafu unipigie."

"Nitazungumza naye," mama alisema, na akamsindikiza mpaka getini.

Jioni binti alirudi. Mama alimwandalia maji ya kuoga, akamwandalia chakula, akangoja ashibe. Alimweleza yote kwa upole. Redio, radi, wote wawili. Shangazi alikaa pembeni anamenya chungwa.

"Mzee ametushika mkono," mama alimalizia. "Na ni kwa faida yako. Hutakuwa umesema uongo mkubwa. Mvua si ilikuwepo?"

"Redio ilikuwa safi, mama. Nilisikia namba. Niliiweka, nikaitoa. Nitasema hivyo."

"Watakufukuza."

"Labda."

"Basi sema la Mzee, mwanangu. Nakuomba. Mimi nakwambia sema la Mzee."

"Hapana."

Hakupiga kelele. Alilisema neno hilo na macho yake yako juu, kwenye uso wa mama, na chumba kizima kililisikia. Shangazi aliacha kumenya.

"Mzee akiachwa hivi, mwezi ujao atakaa na kijana mwingine," binti alisema. "Mwenye adabu. Hali ya hewa itachafuka, Mzee atasahau namba, naye atakirekebisha kipimo chake. Na mimi nitakuwa najua. Sitaweza, mama. Usiniombe tena."

Mama alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yamejipanga, yale yote ambayo mzazi anayo: nimekubeba, nimekusomesha kwa pindo za suruali, leo unanijibu. Aliyatafuna, akayameza. Siku mbili nzima alikuwa ameitafuta sauti hii kwa matusi na kwa damu ya kidole. Aliitaka kwa ajili ya angani tu, huko kwenye mawingu, kwa wakubwa wa watu wengine. Hakuna aliyemwambia kwamba ikishatoka hairudi kabatini.

Binti akainuka akaenda chumbani.

"Atakupigia," shangazi alinong'ona. "Au umpigie wewe. Utamwambia nini?"

"Nimwambie mtoto kalala?"

"Kesho je?"

Mama aliitazama simu. Mtu aliyeokoa ajira ya mwanawe, mtu aliyevua viatu mlangoni kwake. Akabonyeza. Iliita kidogo tu, maana Mzee alikuwa anaingoja.

"Naam, mama! Mmezungumza?"

"Tumezungumza. Samah—" Akajikata. Akavuta pumzi. "Mzee, mwanangu atasema yote. Namba aliisikia. Na wewe ulimwambia arekebishe. Atasema na la kwake."

Upande wa pili televisheni ilisikika kwa mbali.

"Wewe umemshauri hivyo?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea. Angeweza kusema hapana, mimi nilimkataza, watoto wa siku hizi hawasikii. Ingekuwa kweli tupu.

"Mimi ni mama yake," alijibu. "Niko naye. Na wewe, Mzee, kama utaniruhusu, ungesema kabla hajasema yeye."

"Sawa, mama," Mzee alisema. "Tutaonana Jumatatu." Simu ikakatika.

"Kakasirika?" shangazi aliuliza.

"Sijui."

"Amesema nini?"

"Wifi, amesema sawa. Sijui sawa ya namna gani."

Nje mvua ilikuwa imeanza tena, nyepesi, na wingu limeshuka hadi kwenye matangi ya maji ya ghorofa za jirani. Ndani ya wingu ndege ilipita, haionekani, sauti tu. Wanawake wale wawili walinyanyua nyuso kwenye dari bila kuambiana. Mama alitega sikio kujua kama inashuka au inapanda. Alikuwa anamfikiria yule asiyemjua, wa kiti cha kulia, mtoto wa mama fulani, kama amefungua mdomo.